Klachi Iliyolia Kama Mwanambuzi

Mteja akikuletea pikipiki na kukwambia klachi inalia, usimuulize inalia wapi. Mwambie alie yeye.

Najua mtacheka, nyinyi vijana wenye spana zinazong'aa na simu za kioo kikubwa. Chekeni, kisha mjaribu. Mwambie, "Hebu igiza hiyo sauti." Ataangalia huku na huku, atakohoa kidogo, halafu mtu mzima mwenye shamba la chai na wajukuu atasimama katikati ya gereji na kusema, "Krra-krra-krra." Pale Makutano, Meru, ambako nilianzia kazi, mwalimu mmoja wa kwaya aliniigizia klachi yake kwa sauti mbili tofauti. "Hii ya kwanza ni nikiwa peke yangu," akasema, "na hii ya pili ni nikiwa nimembeba mama watoto." Alikuwa sahihi kabisa. Nilipoiwasha, pikipiki iliimba vile vile, ila mwalimu alikuwa na pumzi zaidi.

Mdomo wa mteja hausemi uongo hata kama mteja mwenyewe ni mwongo. Akisema "tak-tak-tak," hapo kuna chuma kinachogonga chuma. Akisema "grrr," fikiria beringi. Akivuta "kwiii" ndefu, kuna kitu kilichokauka au kuungua ambacho kinasugua mwenzake. Siku hizi mnarekodi sauti hizo na kutumiana kwa simu. Sikatai, lakini simu hula sauti nzito na kubakisha nyembamba. Ukiitegemea sana, kila pikipiki utaisikia kama ina mafua ya kuku.

Mimi niliacha shule darasa la sita. Walimu hawakusema mimi ni mjinga. Walisema mikono yangu haiwezi kuona skrubu imetulia. Tangu wakati huo sikuwahi kutulia mwenyewe. Nilitengeneza pikipiki Makutano, nikatengeneza Kanja, nikatengeneza Kiritiri, na katikati yake kuna vituo vingi ambavyo nilikaa wiki moja au mbili tu. Kila nilipozoea mahali nilianza kujiuliza pikipiki za ng'ambo ya mto zinaliaje, na kesho yake nilikuwa nimefunga begi.

Kwa hiyo msidhani nawaandikia kwa sababu sikukosea. Nilikosea katika kila soko. Kosa langu la kwanza la klachi lilikuwa pikipiki ya afisa wa mifugo iliyosema "chak-chak-chak" kila ikiondoka. Nikamwaga oili, nikafungua ubavu wa injini, nikatoa pleti zote za klachi, nikazipanga juu ya gazeti kama chapati, nikazirudisha. Bado ikawa chak-chak. Nikafungua tena. Bado. Siku ya tatu mwenyewe alikuja mbio kuchukua kufuli la ofisi, ambalo alikuwa amelitupa kwenye kisanduku cha chuma chini ya kiti. Akaondoka nalo, na ile kelele ikaondoka pamoja nao. Jioni aliporudi alinisifu mbele ya watu kwamba nimeushinda ugonjwa ulioshinda mafundi wawili. Nikasema asante. Leo ndiyo mara ya kwanza ninakiri.

Aliyenifundisha kusikiliza alikuwa karibu kiziwi. Huyo ni Fundi Njue wa Kanja, upande wa Embu. Kabla ya pikipiki alikuwa ameendesha mashine ya kusaga unga miaka mingi sana, mpaka masikio yakachoka naye. Basi alisikiliza kwa meno. Alikuwa na bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao. Ncha anaiweka kwenye injini inayonguruma, mpini anauuma kwa magego, macho anafumba. Mlio hupanda kwenye chuma, huingia kwenye taya, na hapo mtu anasikia hata kitu ambacho masikio mazima hayasikii. Mpini ule ulikuwa umetafunwa kama gunzi la mahindi. Wageni waliopita Kanja walisimama kumtazama mzee anayekula pikipiki.

"Weka nyutro!" aliniambia siku ya kwanza, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde. "Sasa vuta klachi! Umesikia nini?"

"Kelele imeisha, Fundi."

"Mbona unaongea kama uko kwa ungamo? Sema!"

"KELELE IMEISHA!"

"Achilia!"

"IMERUDI!"

"Sasa hiyo ndiyo akili! Hujashika spana na tayari unajua nusu!"

Nusu yenyewe ni hii, na hata leo mnaweza kuitumia bila kulipa mtu. Injini iwe inanguruma, gia iwe nyutro. Kama kelele ipo ukiwa umeachilia leva na inapotea ukivuta, tazama hausingi, yaani lile kopo la alumini linalobeba pleti za klachi, na beringi za shafti ya gia. Kama ni kimya ukiachilia na kelele inakuja ukivuta, tazama ile beringi ndogo iliyo katikati kabisa, inayosukumwa na leva. Kama inalia tu pikipiki inapoondoka na mzigo, pleti zimeungua, au kuna mtu ameweka oili isiyo ya pikipiki. Mteja wangu mmoja aliweka mafuta ya kupikia. Klachi iliteleza na kijiji kizima kikaona njaa. Na kama ukivuta au ukiachilia kelele ni ile ile, toa mkono wako kwenye klachi. Hiyo labda ni cheni ya taimingi, na klachi haijakukosea chochote.

Fundi Njue hakuruhusu spana iguse injini kabla ya hayo. Nilikaa naye mpaka nikapata alama za meno yangu mwenyewe kwenye bisibisi yangu. Kisha miguu ikaniwasha, nikateremka Kiritiri, na kule, kwa sababu ya mbuzi, nikasahau yote.

Kiritiri ni Mbeere, kwenye joto na vumbi, mahali pa mkaa, mchanga na mbuzi. Gereji yangu ilikuwa mabati matatu karibu na soko la mbuzi, ukuta kwa ukuta na Mama Rwamba, aliyeuza chai na githeri kwenye meza yenye mguu mmoja mfupi. Wote waliniita Mmeru. Jumatatu moja asubuhi alikuja Mzee Nyaga, mchuuzi wa mbuzi na mzee wa kanisa, mtu mwenye kofia ambayo hukuweza kuona juu yake hata chembe ya vumbi. Alikuwa juu ya pikipiki. Nyuma yake kulikuwa na mbuzi wawili, bila kamba, wakikimbia kana kwamba wamechelewa shule.

"Mmeru, klachi yangu inalia," akasema.

"Igiza, mzee."

Akavua kofia kana kwamba anataka kuomba, akatazama juu, akasema, "Mee-e-e-e."

Nikacheka mpaka nikaangusha spana.

"Unacheka nini? Hivyo ndivyo inasema!"

"Na hawa mbuzi, mzee?"

Akageuka akawaona. Uso ukamshuka. "Hawa si wangu," akasema polepole. "Hiyo sasa ndiyo shida. Wananifuata."

Akavuta leva ya klachi. Vijana, mimi nimesikia klachi nyingi, lakini ile ilinisimamisha nywele. Ilikuwa sauti nyembamba, inayotetemeka, ya mwanambuzi aliyepotea na ambaye hajanyonya tangu jana. Mbuzi mmoja, jike mweupe mwenye sikio lililokatwa alama, akaja mbio, akasimama kando ya injini, akanusa kifuniko cha klachi, akajibu.

Mzee Nyaga akanieleza. Siku ya soko Kiritiri, wanambuzi huuzwa kwa wingi, na mama zao hurudi nyumbani na viwele vimejaa. Wiki nzima mama hao hutafuta. Sasa yeye akipita na pikipiki yake, akivuta klachi kubadilisha gia, mama wote wenye huzuni wanatoka kichakani. Alikuwa amewarudisha kila mara, lakini watu walikuwa wameanza kuongea, na aliyeongea zaidi ni Ireri, mchuuzi mwenzake, mwenye huyo mweupe.

Kabla hajamaliza, Ireri mwenyewe akatokea na kamba mkononi.

"Si mmeona?" akapaza sauti kwa soko lote. "Huyo mbuzi wangu! Amemleta mpaka kwa Mmeru!"

"Sijamleta, Ireri. Amekuja."

"Anakuja tu hivyo? Mbona mimi nikiita hataki kuja? Nyaga, sema ukweli, umefunga dawa gani kwa hiyo pikipiki?"

"Mimi ni mzee wa kanisa!"

"Ndiyo maana hatukukushuku mapema!"

Akamfunga mbuzi kamba, akamvuta, na mbuzi akaenda akitazama nyuma. Mzee Nyaga akaketi juu ya tairi kuukuu. Wazee wa soko walikuwa wamemwita Alhamisi ajibu mashtaka. Wakimwona na hatia, atafukuzwa soko la Kiritiri, na yeye hakujua kazi nyingine zaidi ya mbuzi. Tena kanisani wangemtoa kwenye benchi la mbele. "Nitakaa kule nyuma mlangoni," akasema, "na akina mama wenye watoto wanaolia. Mmeru, tengeneza hii kitu isilie tena. Isilie kabisa."

Mimi, badala ya kuuma bisibisi, niliona haya kuanza kuuma vitu mbele ya soko zima. Watu walikuwa wamesimama wakitazama. Nikataka kuonekana fundi wa maana. Nikashika spana papo hapo nikafungua klachi. Pleti zilikuwa zimechakaa kidogo, nikasema kwa sauti kubwa, "Nimeiona!" Nikaweka pleti mpya, nikarudisha kifuniko, nikatia oili mpya, nikawasha, nikaipeleka mpaka mwisho wa soko na kurudi.

"Mee-e-e-e."

Soko lilicheka hivi kwamba dalali wa mbuzi alisahau bei aliyokuwa ametaja.

"Mmeru," Mama Rwamba akaniambia kutoka mezani kwake, "sasa umeilisha, itakua."

Jumanne nilikuja alfajiri kabla ya watu. Nikaiacha injini ipate moto, nikaweka ncha ya bisibisi kwenye kifuniko cha klachi, nikauma mpini, nikafumba macho. Leva ikiwa imeachiliwa, kimya. Nikavuta, na yule mwanambuzi akalia ndani ya gego langu la kushoto. Nikaachilia, akanyamaza. Ile beringi ndogo ya katikati! Mambo ambayo Fundi Njue alinifundisha siku ya kwanza, bila hata kufungua bolti moja. Nilijionea aibu nikiwa bado nimeuma bisibisi.

Nikaitoa. Ni kitu kidogo, shimo lake linatosha kidole gumba. Ukiizungusha mkononi ikiwa mbovu, utasikia kama inatafuna mchanga, na hii ilitafuna. Nikaweka mpya, nikaitupa ile kuukuu nyuma ya mabati. Pikipiki ikawa kimya kama maji ya mtungini. Mzee Nyaga alipokuja, akavuta klachi mara kumi, akatoa machozi, akanishika mikono yote miwili. Akanywa chai kwa Mama Rwamba akiimba wimbo wa kanisa.

Mama Rwamba akamsikiliza mpaka ubeti wa pili, akaweka birika chini.

"Sasa Alhamisi mtawaambia wazee nini?" akauliza.

"Kwamba si dawa, mama. Ilikuwa ni klachi."

"Klachi gani?"

"Hii iliyokuwa inalia."

"Na sasa inalia?"

Mzee Nyaga akaacha kuimba.

"Wazee watawaambia, washa tusikie," Mama Rwamba akaendelea. "Mtawasha. Itanyamaza. Ireri atasema, mmeona, ametoa dawa jana. Mmeru, wewe umemtengenezea huyu mzee shahidi wake, sasa shahidi hasemi."

Katika miaka yangu yote nilikuwa nimefikiri kazi ya fundi inaisha kelele inapoisha. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja mteja atanipigia magoti nimrudishie ugonjwa.

"Irudishe, Mmeru," Mzee Nyaga akasema. "Tafadhali. Ilie vile ilikuwa inalia."

Nikaenda nyuma ya mabati kutafuta ile beringi. Hakuna. Nikainua mawe, nikainua magunia, nikachambua makopo ya misumari. Mzee Nyaga alitafuta akiwa amepiga magoti na kofia yake imechafuka kwa mara ya kwanza. Jumatano mchana, baada ya kumaliza kila mahali, nikaketi kwa Mama Rwamba nikiwa nimekata tamaa, nikaegemea meza yake. Haikuyumba.

Meza ile ilikuwa ikiyumba tangu nilipohamia Kiritiri.

Nikachungulia chini. Beringi ilikuwa imekaa vizuri kabisa chini ya ule mguu mfupi.

"Hiyo ni ya meza yangu," akasema Mama Rwamba kabla sijafungua mdomo.

"Mama, hiyo ni ya klachi."

"Ilikuwa ya klachi. Uliitupa. Sasa ni ya meza."

Tulibishana mpaka wateja wakaanza kuchagua pande. Mwisho alikubali kuniazima, kwa sharti kwamba atakuja mwenyewe Alhamisi, atakaa mbele, na shauri likiisha atarudi nyumbani na beringi yake. Nikaivuta. Meza ikainama, na githeri ya watu wanne ikateremka kuelekea miguuni mwa dalali.

Hapa sasa ndipo penye kosa ambalo nataka mlishike. Alhamisi asubuhi niliirudisha ile beringi kuukuu mahali pake. Nikafunga kifuniko, nikatia oili, na kwa vile wazee walikuwa wameshaketi, sikujaribu. Niliisukuma pikipiki mpaka kwenye banda la kamati ya soko ikiwa baridi kama jiwe la mtoni.

Watu walikuwa wamejaa. Mwenyekiti wa wazee alikuwa na daftari. Ireri alikuwa amemleta yule mbuzi mweupe na kamba, kama ushahidi. Mama Rwamba alikuwa benchi la mbele na mkoba umefunguliwa tayari.

"Wazee," nikasema, "Mzee Nyaga hana dawa. Kuna beringi kwa klachi yake, ikizunguka inalia kama mwanambuzi. Msiniamini mimi. Sikieni wenyewe."

Nikawasha. Nikavuta leva.

Frrrrrr. Kimya. Hata mwanambuzi wa kuazima hakuwepo. Nikaachilia, nikavuta tena. Kimya.

Ireri akasimama polepole, kama mtu aliyebeba uji moto. "Wazee, mbona hailii?" akauliza. "Ama imeokoka?"

Banda likapasuka kwa kicheko.

"Jana ilikuwa na dawa, leo imeokoka! Haleluya!" akaongeza, na watu wengine wakaitikia amina. Mzee Nyaga alikuwa ameanza kutazama chini kana kwamba anatafuta benchi lake jipya la mlangoni.

Nikaweka kiganja juu ya injini. Baridi. Na hapo nikakumbuka: kila mara niliposikia kilio kile, injini ilikuwa imeshapata moto, oili imekuwa nyepesi kama maji. Oili ya baridi ni nzito. Inajaa kwenye mapengo ya beringi iliyochakaa na kuifunga mdomo. Ilihitaji moto. Ilihitaji dakika kadhaa za kunguruma, na wazee hawakuwa na uso wa kungoja.

"Mwenyekiti," nikasema, "naomba ipate joto kwanza."

"Unaomba joto Kiritiri?" mwenyekiti akashangaa. Kisha akajigusa paji la uso. "Lakini hata hivyo tumeanza vibaya. Kikao hakijafunguliwa kwa maombi. Mzee Nyaga, wewe ni mzee wa kanisa, tuombee."

"Hapana!" Ireri akaruka. "Mshtakiwa hawezi kuomba! Ataanza kujitetea huko juu kabla hatujamsikiza hapa chini!"

"Basi omba wewe."

"Nitaomba."

"Hiyo pikipiki niizime?" nikauliza.

"Iache," akasema mwenyekiti, "lakini ingurume kwa heshima."

Vijana, sijawahi kupenda maombi ya mtu kama nilivyoyapenda ya Ireri siku ile. Alikuwa amengoja miaka mingi apate nafasi ya kuomba mbele ya Mzee Nyaga, na hakuwa tayari kuimaliza upesi. Aliombea soko. Aliombea mvua ya Mbeere, mashamba ya ndengu, mtama, na muguka. Aliombea kila ukoo wa mbuzi kwa rangi zake. Aliwaombea wenye nia nzuri, kisha wenye nia mbaya, kisha wenye kofia safi na mioyo michafu. Kila nikidhani anafika mwisho, alisema "tena, Baba," na mimi moyoni nikasema, tena, Baba. Kiganja changu kilikuwa juu ya injini. Ikawa vuguvugu. Ikawa moto. Alipofika kwa wanaotumia dawa za giza, nilitoa mkono kwa sababu nilikuwa naungua.

"...na ukweli udhihirike mbele ya wote," Ireri akamaliza, macho yamefumbwa, kamba ya mbuzi imezungushwa mkononi. "A—"

Nikavuta klachi.

"Mee-e-e-e!"

Mbuzi mweupe hakungoja "mina." Aliruka, na Ireri akaenda naye, macho bado yamefumbwa, mpaka wote wawili wakagonga tangi la pikipiki. Kutoka zizini tukasikia mbao zikivunjika. Wakaja mbuzi wanne, kisha saba, kisha sikuhesabu tena. Mmoja alipanda juu ya meza ya wazee. Mwingine, ambaye kumbe alikuwa wa mwenyekiti, alipita chini ya benchi na kofia ya Mzee Nyaga mdomoni. Nikaachilia leva, wote wakasimama. Nikavuta, wote wakajibu. Nilifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kuwa na mkono kwenye leva ya namna hiyo ni jambo la mara moja maishani.

"Inatosha, Mmeru!" mwenyekiti akapiga kelele akiwa amesimama juu ya kiti. "Inatosha!"

Walipowatoa mbuzi, alifuta meza kwa mkono wa koti, akafungua daftari, akasoma uamuzi akiwa anauandika. "Mzee Nyaga hana dawa. Ana beringi. Itolewe sasa hivi mbele ya watu wote."

Nikaitoa pale pale, nikaunguza vidole viwili, kwa sababu injini moto haimjali fundi aliye na haraka. Nikaweka ile mpya. Kabla sijaifuta oili ile beringi kuukuu, mkono wa Mama Rwamba ulikuwa umeshaichukua. Ireri akamwendea Mzee Nyaga, akamsafishia kofia kwa shati lake mwenyewe, akamrudishia.

"Nilisema maneno mengi," akasema.

"Uliomba vizuri lakini," Mzee Nyaga akamjibu. "Jumapili njoo ukae na sisi mbele."

Wakashikana mikono. Watu wakapiga makofi. Mzee Nyaga akavaa kofia yenye alama za meno, akapanda pikipiki, akavuta klachi, akaweka gia, akaondoka. Kimya kabisa. Hakuna kilio, hakuna hata kwaruzo. Ilikuwa kazi safi zaidi niliyowahi kuifanya, na nilikuwa naanza kutazama watu usoni ili wanisifu, nilipoona wote wanatazama barabarani.

Mbuzi mweupe alikuwa ameponyoka na kamba yake. Alikuwa nyuma ya pikipiki, hatua kumi hivi, kichwa juu, bila haraka, kama mtu anayemsindikiza mgeni.

Ireri akatazama mkono wake mtupu. Sisi sote tukamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akaisikiliza pikipiki mpaka ikapotelea kwenye kona, akasikiliza tena, kisha akafunga daftari.

"Huyo sasa," akasema, "anaenda kwa hiari yake."